UZI: Kulinda mawazo kwa vitendo, na njia ya kurudi kwa aliyeanguka

Mlinzi_wa_Zamu (mwenye uzi)

Bwana Yesu asifiwe, wakuu. Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zetu Waislamu mnaopita hapa, karibuni pia, hapa hatubishani dini.

Semina za vijana hapa Tanga, ziwe Ngamiani, Makorora au Pongwe, hazikosi Mithali 4:23: "Linda moyo wako kuliko yote uyalindayo." Watu wanaitikia amina, wanapanga viti, wanarudi nyumbani. Hakuna aliyeambiwa alinde saa ngapi, kwa kitu gani, na akishindwa aanzie wapi. Uzi huu ni wa hayo tu. Wazee wa kanisa, makatekista na wauguzi mliomo humu, ongezeni nyama.

Naanza na mlango wenyewe. Fungua 2 Samweli 11, aya ya 1 hadi ya 4, usome polepole kama mtu anayekagua hesabu za kikoba. Aya ya 1: ni majira ya wafalme kwenda vitani, jeshi liko Raba, Daudi kabaki Yerusalemu. Aya ya 2: jioni anaondoka kitandani, anatembea juu ya dari, anaona. Aya ya 3: anatuma mtu akaulize habari za yule mwanamke, na jibu linakuja waziwazi kwamba ni mkewe Uria. Aya ya 4: anatuma watu wamlete. Sasa hesabu milango aliyoipita. Ratiba, kwa kubaki. Macho, kwa kuendelea kutazama. Udadisi, kwa kuuliza. Na hata baada ya kujibiwa, mguu ulikuwa bado unaweza kurudi nyuma.

Watu wengi wanamweka mlinzi kwenye aya ya 4. Hapo mtu ameshaandaa mpaka visingizio. Mweke kwenye aya ya 1: uko wapi, saa ngapi, na nani, mkononi una nini.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kushika ni daftari. Lile la shule la kurasa 40 linatosha. Kwa siku 7 mfululizo, kila wazo baya linalorudi liandikie mambo manne: saa, mahali, ulichokuwa unafanya dakika kumi kabla, na hali ya mwili (njaa, usingizi, hasira, upweke). Wazo lenyewe lipe neno moja tu: "kisasi", "tamaa", "hofu", "wivu". Ukilieleza kwa urefu utakuwa unalitengea chai. Siku ya 7 soma kurasa zote kwa mkupuo. Utaona yanajikusanya kwenye saa mbili tatu za siku, mara nyingi baada ya saa nne usiku simu ikiwa kitandani, au mchana baada ya kula, kazi ikiwa imepoa. Mlinzi wa ghala hazunguki usiku kucha bila kukaa, anajua ukuta upi ni mfupi. Zamu yako ipange kwenye saa hizo, siyo siku nzima, maana mtu anayejilinda siku nzima huchoka kufikia Jumatano.

KijanaChumbageni

Mkuu nakubali, ila simu ndiyo ofisi. Wa bodaboda anapokea wateja humo, mwingine anauza vitenge kwa status. Ataizimaje?

Mlinzi_wa_Zamu

Haizimwi, inahamishwa. Saa tatu na nusu usiku inachajiwa sebuleni. Ya kuamkia nunua saa ya mezani ya betri, maana kisingizio cha simu kulala chini ya mto huanza hivyohivyo: "naitumia kuamkia." Vifurushi vya usiku acha kununua hata viwe rahisi vipi. Kwenye mipangilio ya WhatsApp kuna sehemu ya kupakua mafaili, ondoa tiki kwenye picha na video zisijipakue zenyewe. Video chafu nyingi huingia kwenye simu za watu kwa mlango huo, bila kuombwa. Magrupu yasiyo ya kazi, familia wala kanisa, toka, na ukiona aibu kutoka basi yanyamazishe.

Mwenye kubeti, futa programu halafu umtajie mtu mmoja kiasi unachodaiwa, kwa tarakimu. Ukifuta kimyakimya, mkeka unarudi Jumamosi ya ligi.

Raskazone_72

Nyongeza kwenye ile aya ya 3. Jibu alilopewa Daudi lina majina mawili: binti Eliamu, mkewe Uria. Ukifungua 2 Samweli 23, aya ya 34 na ya 39, Uria yumo kwenye orodha ya mashujaa wa Daudi, na Eliamu naye yumo, mwana wa Ahithofeli. Kama ni Eliamu yuleyule, basi yule mjumbe alikuwa anamwambia mfalme: huyu ni mtoto wa askari wako, mke wa askari wako, na mjukuu wa mshauri wako. Halafu tazama sura ya 15, Ahithofeli yuko upande wa Absalomu. Wazo la jioni moja lilikuja kulipiwa na nchi nzima.

Katekista_Mstaafu

Tumsifu Yesu Kristo.

Mambo haya yana walimu wa zamani sana. Katika karne ya 7, John Climacus, abate wa Mlima Sinai, alizipanga hatua za wazo vizuri kuliko yeyote. Wazo linabisha. Mtu anaanza kuzungumza nalo. Anakubaliana nalo. Linamteka. Mwisho linakuwa tabia iliyokaa. Hatua ya kwanza haina hatia, na hili lifundishwe mpaka lieleweke, maana vijana wanakuja kuungama kwamba "nimejiwa na wazo". Kujiwa na wazo si dhambi. Bwana mwenyewe "alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kufanya dhambi" (Waebrania 4:15). Dhambi inaanza ukishalivutia kiti. Yakobo 1:14-15 anasema hayohayo kwa lugha ya mimba na kuzaa. Kati ya kubisha na kuzungumza ni sekunde chache, na ndipo mahali pekee ambapo nguvu kidogo inatosha.

Kabla yake, karne ya 4, Evagrius wa Ponto, aliyeishi na wamonaki wa jangwa la Misri, alihesabu mawazo 8: ulafi, uasherati, kupenda fedha, huzuni, hasira, uchovu wa roho, majivuno, kiburi. Ndiyo yaliyokuja kupangwa upya na Papa Gregori Mkuu mwishoni mwa karne ya 6, yakawa vile vichwa 7 vya dhambi tunavyofundishwa kwenye katekisimu.

Nawaomba mlitazame hilo la sita, uchovu wa roho, kwa sababu mahubiri hayaligusi kabisa. Wamonaki waliliita pepo wa adhuhuri, kwa kufuata Zaburi 91:6. Evagrius anasema linamjia mtu kati ya saa nne na saa nane, na saa zao walizihesabu toka mapambazuko kama sisi, kwa hiyo huna haja ya kugeuza chochote. Dalili zake: jua linaonekana limesimama. Mtu anachungulia nje mara kwa mara kuona kama kuna anayekuja. Anaichukia kazi iliyo mkononi na mahali alipo. Anaanza kuona wenzake hawampendi, na kwamba angekuwa mji mwingine angemtumikia Mungu vizuri zaidi. Siku hizi hachungulii dirisha, anachungulia simu, lakini ugonjwa ni uleule, na huo ndio unaofungua mlango kwa tamaa na umbea.

Dawa yao ilikuwa rahisi mpaka inaudhi. Usiondoke ulipo kwa wakati huo. Maliza kipande kidogo cha kazi ya mikono. Sali sala fupi, irudie. Wakristo wa Mashariki wanatumia hii: "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi." Nusu ya kwanza ukivuta pumzi, nusu ya pili ukiitoa. Dakika tatu.

MamaWaPongwe

Shikamoo Katekista. Bwana asifiwe wengine wote. Swali langu ni la jikoni: wazo limeshabisha, mtu anajibu nini? Maana ukijiambia "sitawaza hili" ndiyo kwanza linazidi.

Katekista_Mstaafu

Marahaba, mama. Hilo namwachia mwenye uzi.

Mlinzi_wa_Zamu

Mama, linazidi kwa sababu ili akili ihakikishe hauliwazi, inabidi ilishike mkononi ilikague. Wazo halifukuzwi kwa misuli, linapokonywa nafasi na jingine. Ndiyo maana Paulo, baada ya kuwaambia Wafilipi wasijisumbue kwa neno lolote, hakuwaacha na kichwa kitupu. Aya ya 8 ya sura ya 4 inawapa orodha: ya kweli, ya staha, ya haki, safi, yenye kupendeza, yenye sifa njema, "yatafakarini hayo".

Angalia Mathayo 4. Majaribu matatu, majibu matatu, yote kutoka Kumbukumbu la Torati: 8:3, kisha 6:16, kisha 6:13. Mafupi, hakuna mjadala. Linganisha na Mwanzo 3, Hawa anajibu kwa maelezo, tena anaongeza "wala msiyaguse", maneno ambayo katika agizo la 2:17 hayamo. Mazungumzo yakishaanza mtu huongeza na kupunguza. Na kumbuka Ibilisi naye alinukuu, Zaburi 91, kwa hiyo aya isiyoeleweka muktadha wake si silaha ya uhakika. Soma sura nzima kabla ya kuikariri aya.

Kadi zinatengenezwa hivi. Karatasi moja ya manila ile kubwa, ikunje katikati mara tano, kata kwenye mikunjo, unapata vipande 32 vya kutosha kiganjani. Upande mmoja andika aya kwa mkono wako, upande wa pili mahali inapopatikana na wazo inalolijibu. Aya moja kwa wiki, usizidishe. Wanaoanza na tano kwa wiki huishia na sifuri mwezi wa pili. Siku ya 1 isome kwa sauti mara kumi, kisha irudie bila kutazama siku ya 2, ya 4, ya 7, ya 14 na ya 30. Ikishapita siku 30, inakwenda kwenye bahasha ya Jumamosi, unaipitia mara moja kwa wiki.

Za kuanzia: hofu, Isaya 41:10. Hasira, Yakobo 1:19-20. Fedha, Waebrania 13:5. Macho, Ayubu 31:1. Kukata tamaa, Zaburi 42:5. Wivu kwa waliofanikiwa, Zaburi 73 yote isomwe, ushike aya ya 25 na 26. Hatia ya dhambi ambayo umekwisha kuitubia, Warumi 8:1.

Wazo likibisha: litaje kwa jina ("hiki ni kisasi"). Sema aya yako kwa sauti ambayo masikio yako yanaisikia, ya moyoni tu haitoshi. Omba sentensi moja. Kisha usogeze mwili: simama, toka nje, osha vyombo, mpigie mtu. Yote hayo sekunde 30 hivi. Watu wengi huiruka hiyo ya mwisho, na ndiyo iliyomwokoa Yusufu (Mwanzo 39:12), aliyeacha vazi akakimbia bila kutoa mahubiri.

Fundi_Makorora

Mnazungusha sana. Sisi kwetu tunakemea tu. Wazo chafu ni pepo, linakemewa, linatoka, basi.

Mzee_wa_Mtaa

Mtumishi, kukemea kuna mahali pake, hakuna anayekataa. Lakini Marko 7:21 inasema mawazo mabaya hutoka ndani, moyoni mwa mtu, na Yakobo anasema "tamaa yake mwenyewe". Ukikemea kila kitu, kile kilicho chako unampa mwingine akibebe, na wewe unabaki vilevile. Kisha soma Mathayo 12:43-45. Pepo katoka kweli. Nyumba imefagiwa, imepambwa, iko tupu. Anarudi na wenzake saba. Mwenye nyumba alikuwa hodari wa kutoa, shida ikawa hakuingiza mtu.

Na kwa kuwa mmeyagusa maombezi: anayekuuzia mafuta, maji au kitambaa ili uondokewe na mawazo mabaya, ondoka hapo. Simoni wa Samaria alitaka kununua, Petro akamjibu vikali (Matendo 8:20). Kuuza ni upande wa pili wa biashara ileile.

Fundi_Makorora

Hapo kwenye nyumba tupu umenipata, mzee. Ila tusidharau mkesha na mfungo.

Nesi_Muheza

Hakuna anayevidharau, ila vina vipimo. Naandika kama muuguzi.

Mwenye kisukari anayetumia sindano au vidonge, mjamzito, anayenyonyesha, mwenye vidonda vya tumbo, na anayetumia dawa za kifafa, kifua kikuu au ARV, asifunge kabla ya kuongea na anayemtibu. Asiruke dozi hata moja kwa sababu ya mfungo. Kufunga bila maji kwenye joto la Tanga la Januari na Februari ni kutafuta kizunguzungu na kuumiza figo, hasa kwa mbeba mizigo au mtu wa shamba la mkonge. Funga mlo mmoja, maji unywe. Au funga kijiwe, status na taarabu za vijembe kwa siku 7, uone kama hiyo si ngumu kuliko njaa.

Mkesha mmoja kwa mwezi hauna neno, mradi kesho yake mtu alale. Asiyelala siku mbili tatu huingiwa na mawazo ambayo hayana uhusiano na shetani, ni ubongo umechoka. Soma 1 Wafalme 19. Eliya anaomba afe. Malaika hamkemei wala hamhubirii. Analala, anaamshwa ale mkate na anywe maji, analala tena, anaamshwa ale mara ya pili. Ndipo safari ya Horebu, ndipo sauti ndogo ya utulivu. Kumwombea mtu ambaye hajala wala kulala ni kuanza mwisho.

Sasa ya muhimu. Si kila wazo baya ni suala la toba. Huzuni ya karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, usingizi umeharibika, chakula hakipiti, hakuna kinachomfurahisha mtu: hiyo inaweza kuwa sonona. Kusikia sauti wengine wasizosikia. Au mawazo machafu ya kukufuru yanayomjia mtu mcha Mungu bila kuyataka, yanamtisha, naye anatubu dhambi ileile mara ishirini kwa siku na hapati nafuu: huo ni ugonjwa unaojulikana na unatibika, na ukimwambia aongeze toba unamzidishia. Aanze na daktari, hapo mjini nenda Hospitali ya Bombo. Juu huko Korogwe kuna Lutindi, hospitali ya magonjwa ya akili ya KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliookolewa utumwani, na tangu mwanzoni mwa karne ya 20 inapokea wagonjwa wa akili. Pale kazi ya mikono ni sehemu ya tiba. Katekista atafurahi, ni ileile dawa ya wamonaki wake.

Dawa za sonona huchukua wiki mbili hadi nne kabla mtu hajaona tofauti, kwa hiyo asiache wiki ya kwanza akisema hazifanyi kazi, wala asiache ghafla kwa kuwa ameombewa. Akitaja kujiua, asiachwe peke yake hata kwenda chooni, sumu za shambani na vidonge viondolewe nyumbani, na aende hospitali siku hiyohiyo. Mchungaji aitwe pia, aje hospitali.

MamaWaPongwe

Asante dada Nesi. Hilo la toba ishirini kwa siku lisomwe makanisani.

BintiKorogwe

Na usiku kabla ya kulala? Kuna mtu atueleze ule utafiti wa dhamiri, sisi Walokole hatuna kitu kama hicho rasmi.

Katekista_Mstaafu

Mnacho, kiko Zaburi 4:4. Namna tunayoifuata sisi inatoka kwa Ignatius wa Loyola, karne ya 16. Dakika 15, umekaa, usilale. Shukuru kwa mambo mawili matatu ya leo, yatajwe. Omba mwanga wa kuiona siku jinsi ilivyokuwa. Ipitie siku saa kwa saa, ukitazama wapi moyo ulivutwa kwa Mungu na wapi ulivutwa mbali. Omba msamaha kwa kilichoonekana. Panga kesho, jambo moja tu, kwa saa na mahali. Wengi huanza na makosa, wakiruka shukrani, na baada ya wiki wanaikimbia kwa sababu imekuwa kama kuitwa ofisi ya mwalimu mkuu kila usiku.

KijanaChumbageni

Haya ni ya anayelinda. Aliyekwisha kuanguka je? Wengi wanaacha kabisa kanisa kwa aibu, siyo kwa kutoamini.

Mzee_wa_Mtaa

Hapo ndipo uzi huu unanihusu hasa, kijana wangu.

Soma Zaburi 32:3 kwanza: "Niliponyamaza mifupa yangu ilichakaa." Aibu inayofichwa huenda mwilini. Halafu Zaburi 51, ambayo kichwa chake kinaihusisha na Nathani kumwendea Daudi. Tazama mpangilio. Anaomba rehema. Anakiri bila kumtaja mwingine, hakuna "ila yule mwanamke". Anaomba moyo safi, kwa sababu moyo ule wa zamani ukisafishwa juujuu utarudia. Kisha anaomba arudishiwe furaha ya wokovu, na baada ya hapo tu ndipo anataja kuwafundisha wengine. Siku hizi watu wanaanzia mwisho. Kaanguka mwezi wa sita, wa nane yuko mimbarani na ushuhuda.

Kwa wiki ya kwanza ya kurudi chukua Zaburi saba za toba, moja kwa siku: 6, 32, 38, 51, 102, 130, 143. Soma kwa sauti asubuhi, jioni irudie. Usiandike maombi yako mwenyewe wiki hiyo. Mtu mwenye aibu akijitungia maombi hujitukana au hujitetea.

Pili, mwambie mtu. 1 Yohana 1:9 inakuhakikishia msamaha wa Mungu hata ukiwa peke yako chumbani, lakini Yakobo 5:16 anaongeza kuungama ninyi kwa ninyi, na anafungamanisha hilo na kuponywa. Petro alilia usiku ule, Yuda naye akajuta kulipokucha. Yuda alikwenda kukiri kwa makuhani, wakamjibu kwamba hayo ni yake mwenyewe ayaangalie (Mathayo 27:4). Petro alibaki na wenzake. Malaika kaburini akamtaja kwa jina, "wanafunzi wake, na Petro" (Marko 16:7). Halafu Yohana 21, moto wa makaa kama ule wa usiku wa kukana, na swali mara tatu sawa na kukana mara tatu. Bwana hakumfokea mbele ya watu, alimlisha samaki kwanza.

Kwa hiyo chagua mtu kwa makini. Awe wa jinsia yako, aliyekuzidi umri wa imani, ambaye hujawahi kumsikia akikupa habari za mwingine. Hiyo ya mwisho ndiyo kipimo chenyewe. Mtajie dhambi kwa jina lake, siyo "nilipitia changamoto". Usitoe picha nzima, anayesikiliza naye ni binadamu. Kamwe usiungame kwenye grupu la WhatsApp, hata likiitwa la maombi. Mpange kukutana mara moja kwa wiki, nusu saa, ana kwa ana, maswali matatu tu: wiki hii umeanguka wapi, ni saa gani ya hatari inakuja, na je, umenidanganya kwenye hayo mawili?

Kwetu KKKT mtu aliyetengwa na Meza ya Bwana anarudi kundini kwa njia inayojulikana. Anamwona mzee wa kanisa wa mtaa wake, mzee anampeleka kwa mchungaji, kunakuwa na mazungumzo na mafundisho, kisha anapokelewa usharikani na kurudi mezani. Mchungaji ndiye atakayekuambia ratiba. Wazee wenzangu, Wagalatia 6:1 inasema "mrejezeni upya mtu kama huyo kwa roho ya upole", wala haisemi mkamfanyie kikao cha kumpigia kelele.

Katekista_Mstaafu

Kwa Wakatoliki ni Sakramenti ya Kitubio: kutafiti dhamiri, kujuta, kukusudia kuacha, kuungama kwa padre, kutimiza malipizi. Kanisa linadai dhambi kubwa ziungamwe angalau mara moja kwa mwaka, lakini anayepigana na mazoea asingoje mwaka, aende kila wiki mbili au kila mwezi, kwa padre yuleyule. Kuzunguka mapadre ili kila mmoja asikie mara ya kwanza ni kujificha. Na siri ya maungamo haivunjwi kwa sababu yoyote, kwa hiyo anayeogopa kuvuja habari asiogope.

Raskazone_72

Msisahau kulipa. Zakayo (Luka 19:8) hakuishia kwenye machozi, alitaja mara nne. Aliyekula hela ya kikoba aandike kiasi, apendekeze marejesho ya kila mwezi anayoyaweza kweli, asaini mbele ya mweka hazina. Elfu kumi kila mwezi bila kukosa inamrudisha mtu kuliko ahadi ya laki tatu. Aliyemchafua mtu kwa uongo arudi kwenye baraza lilelile aliposemea akafute kauli. Na aliyeibiwa au kusalitiwa asilazimishwe kumwamini mtu siku aliyosamehe.

Nesi_Muheza

Nakazia hiyo ya mwisho. Mke aliyepigwa asirudishwe nyumbani kwa sababu tu mume kalia madhabahuni.

BintiKorogwe

Kuna mahali pa mafungo ya siku mbili tatu huku kwetu?

Mlinzi_wa_Zamu

Sakharani kwa Wabenedikto karibu na Soni, au Irente kwa Walutheri kule Lushoto. Piga simu kabla, usiende kubisha hodi. Beba Biblia, daftari, sweta (Julai kule baridi si mchezo), simu ikabidhiwe mtu. Siku ya kwanza lala tu. Asiye na nauli aende Raskazone saa kumi na mbili asubuhi kabla ya watu kujaa, akae saa moja. Asipige picha.

KijanaChumbageni

La mwisho. Mtu wa zamu ya usiku bandarini, hizo saa atazipangaje? Usiku kwake ni mchana.

Mlinzi_wa_Zamu

Ahesabu toka anapoamka, asihesabu toka alfajiri. Akiamka saa nane mchana, hiyo ndiyo asubuhi yake, Zaburi na kadi hapo. Utafiti wa dhamiri asubuhi akitoka kazini, kabla ya chai, maana akishakunywa chai analala. Saa yake ya hatari mara nyingi ni kati ya saa nane na kumi usiku, meli ikisubiriwa na watu wamekaa na simu. Kadi mbili mfukoni, na kazi ndogo ya mkono hata kama ni kufuma wavu.

Fundi_Makorora

Nimehifadhi uzi. Manila hapa Ngamiani napata wapi usiku huu?

MamaWaPongwe

Duka lolote la vifaa vya shule, baba, lakini yameshafungwa. Kesho nenda mapema, na umwombe muuzaji asiikunje kama bomba, ikikunjwa hivyo kadi hazilali.